Chama tawala kikivunjika, mashamba hutajwa: maswali kuhusu ugomvi wa ndani na tuhuma za unyakuzi wa ardhi Kenya

Kila mara kiongozi wa chama tawala nchini Kenya anapomwita mwenzake wa chama hicho hicho mnyakuzi wa ardhi, maswali ni yale yale. Nani anasema kweli? Mbona hakusema mapema? Kuna kesi au ni maneno ya jukwaani? Majibu yaliyo hapa chini yanatenganisha yaliyoamuliwa na mahakama au tume na yale yaliyoishia kwenye mikutano ya hadhara.

Kwa nini tuhuma za ardhi huibuka wakubwa wa chama kimoja wanapokosana?

Kwa sababu wanajuana. Mpinzani wa nje huokota tetesi, lakini mwenzako wa chama alikuwepo ploti zilipogawanywa. Anajua kampuni gani ilitumika kama pazia, afisa yupi wa ardhi alitia sahihi, na shule au msitu gani ulimegwa. Maadamu wawili hao wanahitajiana, faili hulala. Wakikosana, linatolewa kabatini.

Niseme msimamo wangu mapema. Wakati ambao tuhuma inatajwa hauonyeshi kama ni ya kweli au ya uongo. Unaonyesha tu nani anataka isikike. Ardhi ina kumbukumbu zake: ramani, barua ya mgao, hatimiliki, Gazeti Rasmi la Serikali, hukumu. Anayetaka ukweli afuate hizo, maana hazibadiliki wakubwa wanaposalimiana tena.

Je, mambo haya yalianza na Uhuru Kenyatta na William Ruto?

Hapana. Ugomvi wa Rais Uhuru na naibu wake Ruto ni wa juzi tu; mambo haya ni ya tangu KANU, chama kilichotawala Kenya tangu uhuru hadi 2002, ilipoingia madarakani. Bildad Kaggia alifungwa na wakoloni pamoja na Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa rais wa kwanza, katika kesi ya Kapenguria, na baada ya uhuru akawa waziri msaidizi wa elimu. Alipinga kufukuzwa kwa maskwota, yaani watu wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake, na kuuziwa watu ardhi iliyokuwa ya mababu zao, na mwaka 1964 akaondolewa serikalini. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa hadhara kule Kandara, Kenyatta alimsuta mbele ya watu wake: wenzake waliofungwa pamoja naye wana mashamba na mali, je, yeye amejifanyia nini? Swali hilo lilibeba siasa nzima ya enzi ile. Kutokuwa na shamba kubwa kukafanywa kosa la mwanasiasa.

Mwaka 1966, kwenye mkutano wa Limuru, KANU ilifuta nafasi ya makamu mmoja wa rais wa chama na kuweka makamu wanane. Jaramogi Oginga Odinga akabaki hana kiti. Yeye na Kaggia wakahamia chama cha upinzani cha KPU, na hoja ya ardhi ya maskwota ikahama nao hadi chama hicho kilipopigwa marufuku mwaka 1969.

Baadaye alikuja J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliyekuwa ndani ya KANU hadi siku ya kifo chake. Yeye mwenyewe alikuwa tajiri mwenye mashamba, lakini alitaka kiwekwe kikomo cha ardhi ambayo mtu mmoja anaweza kumiliki. Machi 1975 aliuawa, mwili wake ukakutwa vilima vya Ngong. Kamati ya Bunge chini ya Elijah Mwangale ilichunguza, lakini majina mawili ya watu wa karibu na rais yakaondolewa kwenye ripoti kabla haijawekwa mezani.

Kisa cha tatu hakisimuliwi sana, nacho kinafundisha zaidi. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa wa KANU lilitaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais, Daniel arap Moi, asirithi urais moja kwa moja Kenyatta akifariki. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni Kihika Kimani, mbunge wa Nakuru Kaskazini na kiongozi wa Ngwataniro, kampuni ya kununua ardhi iliyokusanya fedha za maelfu ya wanyonge waliotaka mashamba Bonde la Ufa. Ikawa vita ya urithi wa kiti na vita ya mashamba ya Nakuru ni vita moja. Moi aliposhika madaraka mwaka 1978, serikali yake iliyaandama makampuni hayo, na mwaka uliofuata Kihika Kimani akashindwa uchaguzini na Koigi wa Wamwere. Wanachama wa makampuni hayo walikuwa na malalamiko ya kweli: wapo waliolipa wakakosa shamba, na wapo waliogawiwa vipande vidogo kuliko walivyolipia. Lakini malalamiko yao yalipata sikio la serikali pale tu kiongozi wao alipokuwa ameshindwa kisiasa. Utaratibu huo utauona tena na tena.

Ardhi ya umma ilikuwa ikinyakuliwa vipi hasa?

Kwa karatasi halali juu ya kitendo haramu. Sheria ya zamani ya ardhi ya serikali ilimpa rais uwezo wa kugawa ardhi ya serikali ambayo haijamilikishwa mtu, na Kamishna wa Ardhi akafanya kazi hiyo kwa niaba yake. Hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi. Mtu mwenye jina huandika barua akiomba ploti fulani. Barua hupita kwa mkuu wa wilaya au moja kwa moja juu, hupata idhini iliyoandikwa pembeni kwa kalamu, kisha hutolewa barua ya mgao. Mara nyingi mwenye barua hakuwa na nia ya kujenga. Aliiuza barua yenyewe, wakati mwingine kabla ya kulipa hata ada ya serikali, na aliyenunua akafuatilia hatimiliki.

Mnunuzi wa mwisho mara nyingi alikuwa shirika la umma. Hazina ya NSSF, yenye akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, ilinunua ardhi za namna hiyo kwa bei ya kuruka. Nataka msomaji aisome sentensi hii polepole: ardhi ya umma ilitolewa bure kwa mtu wa chama, kisha mfanyakazi wa kiwanda Industrial Area akailipia kwa makato ya mshahara wake.

Misitu, viwanja vya michezo, makaburi, hifadhi za barabara, mashamba ya utafiti, nyumba za serikali, njia za kwenda ufuoni Mombasa, Kilifi na Kwale, vyote viliguswa. Kasi iliongezeka baada ya siasa za vyama vingi kurudi mwishoni mwa 1991, kwa sababu KANU ilihitaji kitu cha kuwalipa watu wasihame, na ardhi ilikuwa rahisi kutoa kuliko fedha taslimu. Msitu wa Karura ndio mfano unaokumbukwa zaidi. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti huko tarehe 8 Januari 1999, walipigwa na vijana wa kukodiwa mbele ya polisi.

Ripoti ya Ndung'u ilisema nini, na kwa nini haikutekelezwa yote?

Rais Mwai Kibaki aliunda tume hiyo mwaka 2003, ikiongozwa na wakili Paul Ndung'u, na ripoti ikachapishwa Desemba 2004. Ilikadiria kuwa hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, na takriban asilimia 98 ya hizo zilitolewa kuanzia 1986. Ilitaja majina, na ikapendekeza hati zifutwe na ardhi irudishwe kwa umma.

Utekelezaji ulikwama ndani ya NARC yenyewe, muungano uliomwingiza Kibaki madarakani. Muungano huo ulikuwa na watu waliotoka KANU miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2002, na baadhi ya waliotajwa, au jamaa zao, walikuwa upande wa serikali. Zaidi ya hapo, NARC ilikuwa imekwisha kupasuka juu ya makubaliano ya kugawana madaraka kati ya kambi ya Kibaki na ya Raila Odinga. Ilipofika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, kambi zote mbili zilikuwa zinatafuta kura, na serikali ikarudia desturi ya kugawa ardhi. Jamii ya Ogiek ilipewa hatimiliki ndani ya msitu wa Mau, na wiki chache kabla ya kura, Amboseli ikashushwa hadhi kutoka mbuga ya taifa na kukabidhiwa halmashauri ya Olkejuado. Mahakama ilikuja kubatilisha uamuzi huo wa Amboseli miaka kadhaa baadaye. Kwa maoni yangu hapo ndipo ripoti ya Ndung'u ilipozikwa: serikali iliyoiagiza iligeuka kutumia kile kile ambacho ripoti ilikilaani.

Mau iliivunja vipi ODM?

Msitu wa Mau ni chanzo cha mito inayolisha Ziwa Victoria, Ziwa Nakuru, Mara na Bonde la Ufa. Mwaka 2001, KANU ikiwa inakaribia mwisho wa utawala wake, zaidi ya hekta 60,000 zilimegwa kutoka kwenye msitu huo. Maskini waliingizwa mbele wawe ngao, na wakubwa wakajimegea vipande vikubwa nyuma yao.

Raila alipokuwa Waziri Mkuu wa serikali ya mseto, aliunda jopo la kuokoa Mau mwaka 2008, na Bunge likapitisha ripoti yake mwaka 2009. Wakati huo ODM, chama cha Raila, ilikuwa nusu ya serikali, na kura zake nyingi zilitoka Bonde la Ufa chini ya William Ruto, aliyekuwa Waziri wa Kilimo. Watu walipoanza kuondolewa msituni mwishoni mwa 2009 na kuishia kwenye mahema kandokando ya barabara, wabunge wa Bonde la Ufa walimgeuka Raila. Walidai fidia kwanza, tena kwa wote waliokuwa na hati. Raila alisema wenye mashamba makubwa wasilipwe senti kwa kitu walichonyakua.

Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki, na ndiyo maana jambo hili linauma. Mama aliyenunua ekari mbili kwa fedha yake na kupewa hati yenye muhuri wa serikali hakuwa mnyakuzi. Mkubwa aliyejigawia mamia ya ekari naye hakustahili kujificha nyuma ya mama huyo. Siasa za chama hazikutaka kuwatenganisha wawili hao, maana mkubwa asingekuwa na jeshi bila mama, na mpinzani wake angekosa hotuba tamu iwapo angekiri kuwa mama naye yupo.

Oktoba 2010 Ruto, wakati huo Waziri wa Elimu ya Juu, alisimamishwa kazi ili akabiliane na kesi ya kudaiwa kuiuzia Kampuni ya Mafuta ya Kenya Pipeline ardhi ya msitu wa Ngong. Aprili 2011 hakimu alimwachilia huru kwa kukosekana kwa ushahidi wa kutosha. Wakati huo yeye na Raila hawakuwa wakiongea lugha moja tena.

Tangatanga na Kieleweke walikuwa akina nani?

Walikuwa mirengo miwili ya Jubilee. Vyama vya TNA ya Uhuru na URP ya Ruto viliungana kwa uchaguzi wa 2013, na Septemba 2016 vikavunjwa pamoja na vyama vingine kuunda Jubilee. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru akapeana mkono na Raila kwenye ngazi za Harambee House, na tangu siku hiyo naibu wake akawa mgeni katika serikali aliyoisaidia kuingia. Waliozunguka nchi na Ruto wakaitwa Tangatanga, waliokuwa na Uhuru wakajiita Kieleweke.

Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa fagio. Kipchumba Murkomen aliondolewa kuwa kiongozi wa wengi katika Seneti, Susan Kihika akapoteza ukiranja, Profesa Kithure Kindiki akang'olewa kuwa naibu spika, na Juni Aden Duale akaondolewa kuwa kiongozi wa wengi katika Bunge la Taifa. Susan Kihika, kwa wanaopenda historia, ni binti wa yule Kihika Kimani wa Ngwataniro.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwananchi wa kawaida alipata kusikia mambo ambayo asingeyasikia wawili hao wakiwa marafiki. Septemba 2021 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alifika mbele ya kamati ya Bunge kueleza ulinzi wa naibu rais. Alitaja maafisa 257, kisha akaendelea kuorodhesha mali zilizokuwa zikilindwa, hoteli na mashamba yakiwemo. Swali lilikuwa la polisi, jibu likawa la mali. Ulinzi huo ulikuwa umelipwa na serikali hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Ni yapi basi yaliyoamuliwa kuhusu ardhi na William Ruto, na yapi ni madai?

Kesi iliyo wazi zaidi ni ya shamba la ekari 100 eneo la Turbo, Uasin Gishu. Mkulima aliyelikimbia wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 alienda Mahakama Kuu, na Juni 2013, Ruto akiwa na miezi michache tu kama naibu rais, mahakama iliamuru aachie shamba na amlipe mkulima huyo shilingi milioni 5. Utetezi wake ulikuwa kwamba aliuziwa na watu waliojitambulisha kama wenye shamba. Hukumu hiyo ilitolewa wakati yeye na Uhuru walikuwa wakivaa tai za rangi moja, kwa hiyo hakuna anayeweza kuiita njama za Kieleweke.

Hoteli ya Weston iko barabara ya Lang'ata, mkabala na uwanja wa ndege wa Wilson. Mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, inasema ardhi ile ilikuwa yake. Mwanzoni mwa 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi, NLC, ilisema hoteli ilipe KCAA thamani ya soko ya wakati huo. Ruto alikiri hadharani kuwa waliomtangulia waliipata ardhi ile isivyo halali, lakini akasisitiza kuwa yeye ni mnunuzi asiye na hatia. KCAA haikuridhika na fidia, ikataka ardhi yenyewe, jambo likaenda mahakamani.

Kesi ya msitu wa Ngong, kama nilivyosema, iliisha kwa kuachiliwa huru. Mtu aliyeachiliwa na mahakama asiitwe mwizi kwa jambo hilo.

Kisa cha Shule ya Msingi ya Lang'ata Road kilikuwaje?

Januari 2015 wanafunzi walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 wakaandamana pamoja na wanaharakati, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wenye sare wakilia kwa moshi katikati ya mji mkuu: picha zile zilizunguka dunia. Ndani ya siku chache ukuta ulikuwa chini na serikali ikaurudisha uwanja. Waziri wa Ardhi, Charity Ngilu, alitaja wakurugenzi wa kampuni iliyodai kumiliki kiwanja. Hoteli ya Weston, iliyo jirani, ilikana kuhusika.

Miezi miwili baadaye Ngilu mwenyewe alikuwa kwenye orodha ya tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ambayo Uhuru aliiwasilisha Bungeni, akalazimika kukaa kando pamoja na mawaziri wengine.

Tuhuma zilielekezwa upande mmoja tu? Na familia ya Kenyatta je?

Hapana. Mrengo wa Ruto ulipiga kampeni ya 2022 kwa maneno ya mahasla, yaani wahangaikaji wa kawaida, dhidi ya wenye ukoo, yaani familia zilizorithi utajiri na madaraka, na ardhi ya familia ya Kenyatta haikukosa kutajwa. Jambo lililoandikwa kwa wino ni hili: Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Uhuru ripoti yake. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kutia sahihi sura ya ardhi, wakieleza kuwa aya zilizomgusa Rais wa kwanza zilibadilishwa baada ya shinikizo. Ripoti hiyo ilipokewa na mtoto wake, naibu wake akiwa Ruto, na Bunge lililojaa wabunge wa wote wawili likaikalia. Wakati ule mrengo uliokuja kupiga kelele kuhusu mashamba ya wenye ukoo ulikuwa na kura za kuipitisha. Haukuzitumia.

Machi 2023, wakati wa maandamano ya Azimio, muungano wa upinzani, watu walivamia shamba la familia hiyo la Northlands, karibu na Ruiru, wakaiba kondoo na kukata miti. Huo haukuwa urejeshaji wa ardhi. Ulikuwa uhalifu, na kuuchanganya na haki ya kihistoria ni kuwatusi waliofukuzwa mashambani kweli.

Hoja ya "mnunuzi asiye na hatia" ina uzito gani leo?

Mdogo sana kuliko zamani, na hili ndilo jambo zuri zaidi katika ukurasa huu wote. Katiba ya 2010, kifungu cha 40(6), inasema ulinzi wa mali hauihusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Kwa miaka mingi mawakili walijibu kwamba mteja wao alilipa, alifanya utafutaji kwenye sajili, na hati ilikuwa safi.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa. Kiwanja hicho kiligawiwa mwaka 1989, na mgawiwa wa kwanza alikuwa Rais Moi. Kilipita mikono hadi kampuni ya Dina Management. Serikali ya kaunti ikabomoa ukuta kufungua njia ya umma kwenda baharini, na kampuni ikashtaki. Majaji walisema hati haiwezi kuwa safi kuliko mzizi wake: ikiwa mgao wa kwanza haukufuata sheria, mnunuzi wa tatu au wa nne hapati kitu, hata kama yeye binafsi hakudanganya. Septemba mwaka huo huo, katika shauri la kampuni ya Torino kuhusu ardhi ya kambi ya jeshi Embakasi, mahakama hiyo hiyo ikasema barua ya mgao si hatimiliki, na mwenye barua tupu hana cha kumuuzia mtu.

Kwa mtu wa Pwani aliyezungushiwa ukuta akashindwa kufika baharini kuvua, hukumu ya Nyali ina thamani kuliko hotuba zote za kampeni.

NLC iliundwa kuondoa siasa kwenye ardhi. Imefaulu?

Kwa kiasi kidogo. Miaka yake ya kwanza iliishia kwenye mvutano na Wizara ya Ardhi kuhusu nani atie sahihi hati, hadi Mahakama ya Juu ilipotoa ushauri mwishoni mwa 2015. Sheria iliipa tume miaka 5 kuchunguza hati zilizotolewa juu ya ardhi ya umma, muda huo ukaisha 2017 na kazi bado ni nyingi.

Kisha ikaja Ruaraka. Mwaka 2018 Bunge lilibaini kuwa shilingi bilioni 1.5 zilikuwa zimekwisha kulipwa kama fidia ya ardhi iliyokaliwa na Shule ya Msingi ya Drive-In na Shule ya Upili ya Ruaraka, kwa idhini ya NLC. Mwaka 2019 mahakama ilisema ardhi hiyo ni ya umma. Yaani umma ulilipa kununua kilicho chake.

Mwanasiasa akisema "hii ni vita ya kisiasa tu", anadanganya?

Huenda anasema kweli kuhusu nia ya mshtaki wake, na bado haigusi ardhi. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: umeshtakiwa kwa sababu umekosana na mkubwa, na kiwanja ulichokalia ni cha shule. Jibu linalotosha ni kuonyesha mgao wa kwanza ulifanywa na nani, lini, kwa utaratibu gani, na ardhi ilikuwa imetengewa nini.

Lakini mshtaki naye aulizwe swali lake. Kama ulikuwa waziri, au katibu, au kiranja, na uliyajua haya, mbona hukuyapeleka EACC siku hiyo? Aliyenyamaza kwa miaka mitano akala matunda ya serikali hiyo hapaswi kupigiwa makofi kama shujaa kwa sababu tu amefukuzwa.

Baada ya 2022 mambo yamebadilika?

Wahusika wamebadilishana viti, mwendo ni ule ule. UDA, chama kipya cha Ruto, ilishinda Agosti 2022. Oktoba 2024 naibu wake, Rigathi Gachagua, aliondolewa na Bunge la Taifa na kisha Seneti. Hoja ya kumwondoa ilimtuhumu kujilimbikizia mali ya shilingi bilioni 5.2 ndani ya miaka miwili. Seneti ilimtia hatiani kwa mashtaka 5 kati ya 11, na ya ufisadi na utakatishaji wa fedha hayakuwa miongoni mwake. Ndivyo inavyokuwa: tuhuma ya mali ndiyo iliyobebwa kwenye vichwa vya habari, na mashtaka mengine ndiyo yaliyomwangusha. Nafasi yake ikachukuliwa na Kindiki, yule yule aliyeng'olewa na Jubilee mwaka 2020.

Desemba 2024 Ruto alimtembelea Uhuru nyumbani kwake Ichaweri, Gatundu. Machi 2025 alitia sahihi mkataba wa ushirikiano na Raila, ambaye alifariki Oktoba mwaka huo. Weston, mashamba ya wenye ukoo na Mau havikuwa ajenda ya siku hizo.

Nifanye nini nikisikia kiwanja cha shule au njia ya mtaani kwetu kimetajwa?

Usisubiri wakubwa wakosane. Tafuta kwanza nambari ya ploti, maana bila nambari hakuna ofisi itakayokusikiliza. Omba utafutaji rasmi kwenye sajili ya ardhi ya kaunti yako, au kupitia mfumo wa Ardhisasa ulioanzishwa 2021 kwa maeneo yaliyokwisha kuingizwa. Ukishapata jina la mmiliki wa sasa usiishie hapo. Uliza ramani ya mipango ya eneo ilitenga nini mahali hapo, na mgao wa kwanza ulitoka lini. Wazee wa mtaa na walimu waliostaafu hukumbuka uwanja ulianzia wapi na uliishia wapi, waombe waandike na kutia sahihi wakiwa hai.

Kamati ya shule ambayo haina hatimiliki ianze kuifuatilia leo, kwa barua, na ihifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Baada ya kisa cha Lang'ata agizo lilitolewa shule za umma zipewe hati, na bado zipo nyingi zisizo nazo. Ukuta ukianza kujengwa, piga picha zenye tarehe, ripoti EACC na NLC, na nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba amri ya kusimamisha ujenzi. Katiba inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya maslahi ya umma. Enda mapema, msingi ukiwa bado haujamwagwa, kwa sababu jengo likishafika ghorofa ya tatu mwenye nalo ataanza kuongea habari za fidia.